Gari la Mbio Katika Banda la Ng'ombe

Juzi nilikuwa Meru mjini, kwenye kituo cha mafuta, nikingoja tairi la tuktuk ninayoendesha siku hizi lijazwe upepo, lori likaingia limebeba gari la mbio. Wewe unanijua. Siwezi kuona kitu cha namna hiyo nikabaki nimekaa. Nililizunguka lile lori, nikachungulia chini ya gari, nikauliza maswali hadi kijana mmoja aliyevaa ovaroli safi mno akashuka kunijibu. Alikuwa mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea barabara. Akanionyesha karatasi zake zilizojaa tarakimu na mishale.

"Moja ni kona mbaya sana, mathe. Sita unapita tu bila kuguza breki."

"Na kwa kasisi ni ngapi?" nikamwuliza.

"Kwa nani?"

Nikamwambia aachane na hayo. Lakini siku nzima, nikibeba abiria kutoka sokoni hadi hospitalini na kurudi, mawazo yangu yalikuwa Kanja.

Nililelewa na nyanya yangu huko Kanja, upande wa Embu, kwa sababu mama alifanya kazi mjini na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ni mahali pa mashamba madogo yaliyobanana kwenye mteremko: chai juu, kahawa na migomba katikati, nduma chini kando ya mto. Asubuhi sisi watoto tulikata nepia, nyasi za ng'ombe, tukateka maji, tukapeleka maziwa barabarani kabla lori halijapita. Tulikula githeri ya jana, mahindi na maharagwe, iliyopashwa moto na kitunguu, tukanywa chai yenye harufu ya moshi. Baada ya hapo ndipo ungesikia sauti ambayo maboma mengine hayakuwa nayo. Injini ingekohoa, ingekataa, ingekohoa tena, kisha ingenguruma hadi kuku watoroke.

Kwetu kulikuwa na timu ya mbio za magari. Najua inasikika kama uongo. Haikuwa na ofisi, wala kampuni ya kuifadhili. Ilikuwa na mjomba wangu, fundi, na mwalimu. Mwuza nyama wa sokoni aliandikwa jina mlangoni mwa gari kwa sababu alikuwa akiwapelekea matumbo kila Jumamosi. Herufi zilichorwa na mtu yule yule aliyechora malaika wa kanisa letu, na kwa sababu hiyo zilikuwa na mikia iliyopinda kama mabawa.

Mjomba ndiye aliyekuwa dereva. Zamani aliendesha pikapu ya muguka, yale majani ya kutafuna yanayotoka Mbeere, ambayo lazima yafike sokoni kabla hayajanyauka. Madereva wale hawakujua breki ni ya nini. Mwenzake mmoja aliyekula naye sahani moja aligongana na gari uso kwa uso akazikwa Kiritiri, huko huko kwenye muguka, na tangu siku hiyo nyanya hakulala mjomba akiwa barabarani. Alikaa jikoni na taa hadi asikie pikapu ikishuka. Kwa hiyo mjomba alipokuja kumwambia anataka kuacha muguka, yeye na wenzake wanunue gari kuukuu walitengeneze liingie kwenye mashindano, nyanya aliuliza jambo moja tu.

"Huko kwa mashindano mnakutana na gari ingine ikitoka mbele?"

"Hapana, Mama. Barabara inafungwa. Kila gari inaenda peke yake."

"Basi hiyo ni afadhali."

Akawapa banda la ng'ombe. Ndilo lililokuwa na paa la mabati yasiyovuja na sakafu ya saruji. Ng'ombe akahamishiwa chini ya mparachichi, akafungwa hapo na gunia mgongoni.

Fundi alikuwa jirani yetu wa chini, mtu wa maneno machache aliyetengeneza mashine za kusaga unga na pikipiki. Alifanya kazi akipiga mluzi nyimbo za kanisani, na ukisikia mluzi umekatika ulijua kuna kitu kimevunjika. Siku moja aliosha vipuri vya injini katika ndoo ya kukamulia. Nyanya alimfukuza hadi kwenye ua akiwa na ile ndoo mkononi, na kwa wiki nzima chai yetu ilikuwa na ladha ya petroli.

Mwalimu alifundisha katika shule ya msingi ya hapo hapo, na ndiye aliyekuwa mwelekezi. Mwanzoni alijaribu ule mtindo wa tarakimu, maana aliusoma mahali. Haukufaa. Mjomba akiambiwa "tatu kulia" alianza kufikiri tatu ni ipi, na alipomaliza kufikiri walikuwa wameshaingia kwenye ua wa mtu. Ndipo mwalimu akaja na njia yake. Alichukua kona za Kanja, ambazo mjomba alizijua tangu akiwa mtoto wa baiskeli ya mbao, akazifanya kuwa kipimo. Kona kali kuliko zote ilikuwa kwa kasisi, pale barabara inaposhuka kutoka kituo cha chai na kukatika ghafla kwenye kabeji za nyumba ya kasisi. Kona ndefu ya raha ilikuwa kwa Mama Maziwa. Ile inayokudanganya, ikianza polepole kisha ikajikunja, ilikuwa ya poshomili, pale kwenye mashine ya kusaga unga. Wakienda kukagua njia ya mashindano huko Mbeere au Meru, mwalimu aliandika kila kona inafanana na ipi ya nyumbani, na aliandika pia alama ya kuitambua: mti, daraja, duka, jiwe. Mjomba aliposikia "jiwe jeupe, kwa kasisi kulia," mikono yake ilifanya kazi yenyewe.

Mazoezi yalifanyika bandani. Gari lilikuwa juu ya mawe, halina tairi hata moja, mjomba amekaa ndani amefumba macho, mwalimu akisoma kwa sauti ya darasani. Sisi watoto tulikaa kwenye hori la ng'ombe tukisikiliza. Baada ya siku chache tuliyajua maneno yale kuliko zaburi. Tulicheza nayo tukitoka mtoni, mmoja mbele na mtungi, mwingine nyuma akipaza sauti, "Daraja, Mama Maziwa kushoto, halafu poshomili!" Maji mengi ya nyumbani yalimwagika kwa kasisi.

Tatizo la timu yetu ni kwamba halikuwahi kurudi nyumbani lenyewe, lile gari. Kila mara lilikuja limefungwa kamba nyuma ya kitu fulani. Mara trekta, mara lori la mchanga. Mara moja lilivutwa na pikapu ya muguka, na vijana waliokaa juu ya magunia walimwimbia mjomba njia nzima. Watu wa sokoni walizoea. Wakisikia kishindo kinapanda mlima polepole walisema, "Washindi wamerudi."

Mwaka ninaokueleza, ng'ombe alikuwa na mimba na mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Jioni moja nyanya aliwaita wote watatu, akawapa chai kwanza, akangoja hadi wamalize.

"Hii ng'ombe haitazalia kwa matope," akasema. "Mko na mashindano ya Timau. Mkimaliza Timau, gari ikuje hapa na miguu yake, nitajua mnafanya kazi. Ikija na kamba tena, mtaipeleka kwenu. Kila mtu ako na kwao."

Mwalimu akaeleza kwamba kwake ni nyumba ya shule. Fundi akasema kwake ni mteremko mtupu, hata mbuzi huteleza. Nyanya akakusanya vikombe.

Mjomba alitoka, akaenda kusimama bandani kando ya gari. Sote tulijua maana yake. Bila banda hakuna gari, na bila gari kulikuwa na kiti cha pikapu kikimngoja Kiritiri. Tajiri wa muguka alikuwa ameshamtumia salamu. Nadhani nyanya naye alijua, lakini alikuwa amechoka kuchagua kati ya mtoto wake na ng'ombe wake, akaamua kuiachia Timau imchagulie.

Mjomba na mwalimu walikwenda kukagua njia wiki iliyotangulia. Walirudi wakizungumza kuhusu ngano. Sisi hatukuwa tumeiona ngano ikiwa shambani. Mwalimu alisema imejaa nchi nzima, ya rangi ya mkate, inakufikia kifuani, na barabara inapita katikati yake imenyooka hadi unasinzia. Hakukuwa na miti wala mawe ya kuandika. Kwa hiyo aliandika ngano. Usiku ule ule tulianza kujifunza: "Ngano kulia, moja kwa moja, moja kwa moja, ngano ikiisha, kwa kasisi kushoto."

Nyanya alisema atakwenda mwenyewe, maana hataki kuletewa habari na mtu. Akanichukua mimi. Tulipanda kabla ya mapambazuko katika pikapu aliyoazima fundi, tukiwa tumezungukwa na tairi, chupa ya chai na nduma zilizofungwa kwa jani la mgomba. Tulipopita Meru mjini na kuanza kupanda kwenda Timau, baridi iliingia hadi kwenye meno. Ule mlima wa theluji tunaouona kila siku nyumbani ulitokea upande ambao haukustahili kuwa. Nyanya aliutazama kwa muda mrefu.

"Wameugeuza," akasema.

Fundi alituweka kwenye kona moja, akasema gari litapunguza mwendo hapo na tutaliona vizuri, kisha akaenda zake kungoja mwisho wa njia. Kulikuwa na watu wengi, hasa wafanyakazi wa mashamba ya maua waliopewa siku ya mapumziko, wamevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na kofia za sufu, wanakula mahindi ya kuchemsha. Upande wa kulia wa barabara, huko magari yalikotoka, kulikuwa na shamba kubwa tupu. Mabua yaliyokatwa yalifika kwenye vifundo vya miguu, ndege wakiokota chini. Mbele ya kona, ng'ambo ya mtaro, kulikuwa na shamba jingine, na hilo lilikuwa na ngano. Ilikuwa kweli rangi ya mkate.

"Hii ya huku ilikatwa lini?" nyanya akamwuliza mwanamke aliyesimama karibu nasi, maana yeye hakuweza kuona shamba asiulize.

"Jana, cucu," akajibu, akimwita nyanya kama tulivyomwita sisi wajukuu. " Mashine iliingia asubuhi, jioni hakuna kitu."

"Yote? Siku moja?"

"Hata kabla ya jioni."

Nyanya hakuamini. Kwetu shamba haliondoki. Chai iko pale pale mwaka mzima, na hata mahindi huvunwa mstari kwa mstari, wiki hadi wiki, mabua yakibaki yamesimama kwa ajili ya ng'ombe. Mtu wa Kanja anaweza kukuelekeza njia kwa mazao na usipotee. Nilikuwa nikitazama lile shamba tupu, maneno yakijisoma yenyewe kichwani, ngano kulia, moja kwa moja, ngano ikiisha. Nikamvuta nyanya leso.

"Cucu, hapa ndipo kwa kasisi."

"Kasisi gani?"

"Ngano ikiisha. Na haipo. Iko ile ya mbele."

Hakunielewa, na hakukuwa na muda, kwa sababu tulisikia injini yetu. Ungeitambua popote, ilikuwa na kikohozi. Gari lilikuja limenyooka, vumbi nyuma yake refu kama ukuta, nami nikaona kwamba halipungui mwendo. Baadaye mwalimu alieleza alichokiona. Alitazama kulia, hakuona ngano. Akatazama mbele, akaiona, akadhani ndiyo hiyo, akamwambia mjomba kanyaga, bado, ingoje iishe. Mjomba aliona kona wakati kona ilikuwa imeshampita. Gari liliruka mtaro, likafagia ukingo wa ngano ya watu, likakaa limeinamisha pua, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani.

Vumbi lilipotua mtu mmoja akasema, "Hawa wa Embu wamekuja kutusaidia kuvuna." Watu wakacheka sana.

Milango ilifunguka. Mjomba alitoka mzima. Mwalimu alitoka mzima pia, helmeti imemkaa upande, karatasi mkononi. Akageuka kutazama shamba tupu la nyuma.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Ngano ilikuwa hapa."

"Mwalimu, ngano ni chakula," nyanya akamwambia. "Ulifikiri itakungoja?"

Mjomba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Hakumtazama mama yake. Trekta ya shamba ilikuwa imesimama si mbali, na dereva wake, mtu mwema, alikuwa tayari anashuka na kamba begani. Nilimwona nyanya akiitazama ile kamba. Mimi nilikuwa mtoto lakini hesabu ile haikuwa ngumu. Angenyamaza tu, na banda lingekuwa la ng'ombe jioni hiyo hiyo, bila ya yeye kuvunja neno lake. Akaitazama tena kamba, akamtazama mjomba na jinsi alivyokuwa ameshika magoti, kisha akajifunga leso kiunoni.

"Rudisha hiyo," akamwambia mtu wa trekta. "Hatutaki kamba."

"Cucu, haitatoka na mikono."

"Wewe wa gambuti, kuja hapa. Na wewe uliyekuwa unacheka, si una nguvu? Shika huku. Nyinyi mnabeba maua kutwa nzima, hii itawashinda?"

Mjomba akainuka. "Mama, toka huko, utaumia."

"Ingia ndani uendeshe. Kazi yako iko huko."

Walikuja kwa sababu ya kumcheka, wakabaki kwa sababu alikuwa ameshaweka bega lake. Walilikalia gari nyuma hadi magurudumu yakagusa ardhi, kisha wakalisukuma wakilivuta kwa mikono, wengine ndani ya mtaro, wengine juu, mahindi yakiwa bado midomoni. Mara mbili lilipanda na kurudi. Mara ya tatu likatoka, likiwa na ngano kwenye taa kama maua ya arusi. Mwalimu akaingia mbio. Kabla hajafunga mlango nilimsikia akimwambia mjomba, "Kuanzia sasa nakusomea kona tu. Ngano itazame mwenyewe."

Tulipofika mwisho wa njia na pikapu, magari mengine yalikuwa yameshapakiwa. Waandalizi walikuwa wanakunja meza. Bendera ilikuwa imeshushwa. Gari letu lilitokea likiwa peke yake, taa moja imevunjika, likapita mahali ambapo mstari ulikuwa umechorwa, likasimama. Fundi alianza kupiga mluzi. Mwandalizi mmoja, kijana mwenye adabu, alieleza kwamba muda ulikuwa umepita na kwa hesabu zao gari hilo halikumaliza.

"Kwani hapa si ndio mwisho?" nyanya akamwuliza.

"Ni hapa, cucu. Lakini walichelewa."

"Hata kanisani kuna wanaochelewa. Hawaambiwi hawakuja."

Yule kijana akasema pole. Mjomba akauliza kama anaweza kuendesha hadi nyumbani, fundi akaingia chini akatazama, akasema polepole inawezekana. Tulilifuata nyuma njia nzima, Meru, Chuka, hadi kwenye mlima wetu, nyanya ameegemea tairi. Sokoni watu walisimama kutafuta kilicholivuta. Hawakuona kitu.

Ulipofika wakati wa kulala, mwuza nyama alikuja kuuliza, kwa niaba ya wengi nadhani, kama ile ya kusukumwa inahesabiwa.

"Nilisema kamba," nyanya akamjibu. "Wewe umeona kamba?"

Wiki iliyofuata timu nzima ya mbio ilishinda ikikata nguzo na kupigilia mabati. Banda jipya la ng'ombe lilimalizika mvua zikiwa zimeanza kudondoka. Ndama aliyezaliwa humo tulimwita Rali.

Timu iliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Ilimaliza mbio nyingine, haikushinda hata moja. Mwalimu aliapa kutoandika tena kitu kinacholiwa. Wala timu haikufa kwa ajali, ilikufa kwa mambo ya kawaida. Mwalimu alipewa uhamisho kwenda Tharaka. Fundi alihamia Meru. Mwelekezi mpya alikuja na tarakimu, akakaa msimu mmoja, akaondoka. Mjomba akaajiriwa kuendesha basi la shule, na gari likatolewa kipande kipande, gia huku, milango kule, hadi bandani pakabaki mawe yaliyolibeba. Mimi nikaacha shule, nikaanza kutangatanga kama unavyonijua, leo kwenye maua, kesho kwenye hoteli, kesho kutwa kwenye usukani wa mtu.

Barabara ya Kanja sasa ni ya lami. Walipoijenga walizikata kona zote zikanyooka. Mama Maziwa alishahamia kwa mwanawe, na mahali pa kabeji za kasisi ni ukuta wa mawe. Nyanya tulimzika mwaka ambao kahawa ilizaa sana. Mjomba amekuwa mzee mwenye tumbo, watoto wa shule humlalamikia kwamba anaenda polepole, na pikapu za muguka zikija nyuma yake zikipiga honi yeye hutoka barabarani kabisa, akasimama, akazipisha.

Matokeo rasmi yanasema gari la Kanja halikumaliza Timau. Mwenye banda alisema limemaliza, na kwa miaka ile hilo ndilo lililokuwa na maana, kwa sababu mjomba hakurudi Kiritiri. Waliomsikia nyanya akilisema wanazidi kupungua. Sasa nawe unajua.